ALIPIGWA KO MOJA ULINGONI, AKAENDELEA KUPIGWA KILA USIKU KITANDANI: Bondia wa Manzese alivyojifunza kuamka ndani ya ndoto

Kuna watu ukiwaambia upo ujuzi wa kuota huku unajua kabisa kwamba unaota, watakujibu hizo ni stori za kwenye muvi. Wengine watakuambia uache ushirikina. Lakini jambo hili lipo, limepimwa maabara, na huku kitaani kuna jamaa mmoja ambaye limemtoa pabaya.

Jamaa ni bondia. Ana miaka 26, anaishi Manzese, na wapenzi wa ngumi wa Dar wanamjua vizuri tu. Jina lake linabaki kapuni kwa sababu bado anacheza, na mjini hapa bondia akianza kusemwa kuhusu kichwa chake, mapromota wanaacha kupokea simu zake.

Kabla ya hapo alikuwa hajawahi kudondoka ulingoni. Kupoteza alishapoteza, lakini kwa pointi, amesimama kwa miguu yake. Safari hii pambano lilikuwa karibu na nyumbani, nusu ya ukumbi ni watu wa mtaani kwao. Madereva bodaboda wa kijiweni walikuja na vuvuzela. Raundi ya pili akala konde la kushoto, akaenda chini. Mwamuzi akahesabu. Jamaa alisikia kila namba, kuanzia moja mpaka kumi, ila miguu ikagoma.

Sasa kupigwa KO si aibu, mabondia wakubwa wengi wamepitia. Tatizo ni simu. Kabla hajafika nyumbani, kipande cha sekunde chache cha yeye akidondoka kilishawekewa muziki wa kuchekesha na kinazunguka kwenye magrupu. Watoto wa mtaani wakawa wanakiigiza: mmoja anarusha ngumi, mwingine anajitupa chini, wa tatu anahesabu.

Basi bwana, kuanzia wiki ile usiku ukawa adui. Ndoto ilikuwa moja. Yuko ulingoni, miguu mizito kama imezama kwenye tope la Jangwani, kengele inalia, ngumi inakuja polepole na hawezi kuikwepa. Anaanguka. Mwamuzi anaanza kuhesabu, watu wanacheka, na yeye anataka kuinuka hawezi. Anashtuka jasho linamtoka, saa tisa usiku.

Ikafika hatua akawa anakimbia kulala. Anakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu saa nne usiku, anaperuzi simu mpaka macho yanauma. Asubuhi mazoezini yuko kama maji ya mtungi. Na wakati huohuo promota ameshamwambia pambano la marudiano lipo, ajiandae. Bondia asiyelala anajiandaa vipi?

Mama yake, anayeuza vitumbua pale mtaani, aliona mapema.

"Mwanangu, unapiga kelele usiku. Unasoma dua kabla ya kulala?"

"Nasoma, mama."

Mama akamletea kombe kutoka kwa shehe, akanywa. Kocha wake akasema hilo ni sawa, lakini hospitali kwanza. Na hapo kocha alikuwa sahihi kabisa. Mtu aliyepigwa kichwani hadi akazimika, halafu usingizi ukaharibika, lazima aangaliwe na daktari, maana usingizi mbovu ni moja ya dalili zinazofuata mtikisiko wa ubongo. Alipimwa, akapumzishwa ngumi za kichwa kwa muda, akaambiwa yuko salama. Ndoto ikabaki palepale.

AKATOKEA MTU NA DAWA ISIYOUZWA DUKANI

Mpenzi wake anasuka saluni moja ya Sinza. Siku moja wateja hawapo, anaperuzi simu, akakutana na maelezo ya kitu kinachoitwa ndoto ya kujitambua. Yaani umelala fofofo, unaota, halafu katikati ya ndoto unashtukia: aah, kumbe hii ni ndoto! Na usiamke. Ukiwa umeshajua hivyo, unaweza kuamua ufanye nini humo ndani. Jioni akamweleza jamaa.

"Wewe si unaota kitu kilekile kila siku? Sasa kama unajua filamu inavyoenda, kwa nini usijifunze kuishtukia?"

Jamaa alicheka. Lakini mtu aliyechoka anajaribu chochote.

Na wala siyo kitu cha jana. Daktari na mwandishi wa Uholanzi, Frederik van Eeden, aliandika kuhusu ndoto za namna hii mwaka 1913 na kuzipa jina linalotumiwa na Wazungu mpaka leo. Watawa wa Kibudha wa Tibet walikuwa wakizifanyia mazoezi karne nyingi kabla yake. Wanasayansi ndio walichelewa kuamini. Walisema mtu hawezi kuwa amelala na wakati huohuo anajitambua, labda anashtuka kidogo halafu anajidanganya.

Kilichowanyamazisha ni macho. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walieleza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho ya mtu yanakimbia huku na huku chini ya kope, na ukimwamsha wakati huo mara nyingi atakuambia alikuwa anaota. Katika vipindi hivyo ubongo unaufunga mwili, mikono na miguu haifanyi kazi, ndiyo maana ukiota unakimbia hujikuti umedondoka kitandani. Lakini macho hayafungwi.

Basi mwaka 1975, Chuo Kikuu cha Hull huko Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na mtu mmoja mzoefu wa ndoto hizi, Alan Worsley, kwamba akishajitambua ndotoni apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Mashine zikaonyesha jamaa amelala kweli, na macho yakatoa ishara kama walivyopanga. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, akafanya jambo hilohilo kivyake. Mjadala ukaisha. Mwaka 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zikaenda mbali zaidi: waliwauliza walioko ndotoni hesabu ndogondogo, na baadhi yao wakajibu sahihi kwa macho huku wamelala.

Kilichomvutia zaidi bondia wetu ni habari ya Wajerumani. Mwaka 2010 Daniel Erlacher na Michael Schredl waliandika kuhusu watu waliofanya zoezi la kutupia sarafu kwenye kikombe wakiwa ndani ya ndoto, na asubuhi shabaha ikawa bora zaidi. Jamaa akaona hapo ndipo penyewe. Akajisemea mchana atapiga begi na usiku atampiga yule aliyemwangusha.

WIKI YA KWANZA: MBWA

Watu wengi wanaoanza wanataka waruke hewani usiku wa kwanza. Haiendi hivyo. Hatua ya kwanza inachosha kuliko zote na inaonekana ya kitoto: daftari. Unaliweka kitandani na kalamu. Ukifumbua macho, kabla hujashika simu, kabla hujageuka upande wa pili, unakaa kimya unajiuliza ulikuwa unaota nini, halafu unaandika. Hata neno moja.

Kila mtu anaota, hata yule anayeapa kwamba haoti. Kinachotokea ni kwamba ndoto inayeyuka ndani ya dakika chache. Na ukishashika simu, meseji ya kwanza inaifuta kabisa. Kama huwezi kukumbuka ndoto za kawaida, hata ukijitambua ndotoni asubuhi hutajua kama ulijitambua.

Jamaa alinunua daftari la shule. Siku ya kwanza aliandika neno moja: mbwa. Ya pili hakuandika kitu. Ya tatu akaandika: "Gari. Mjomba." Wiki ya pili ilipoisha alikuwa anajaza nusu ukurasa, na ndoto ya ulingoni kumbe siyo pekee aliyokuwa anaota. Kulikuwa na nyingine kibao, ila ile mbaya ilikuwa inazifunika.

Hatua ya pili ni kusoma daftari na kutafuta vinavyojirudia. Kwake vilikuwa vitatu: miguu mizito, kengele inayolia bila mtu wa kuipiga, na umati wa watu wasio na sura. Hizo ndizo alama zake. Wewe utakuwa na zako, labda unaota uko shuleni kwenye mtihani wakati ulishamaliza miaka sita iliyopita, au meno yanadondoka. Ukizijua alama zako unakuwa umeshapata mlango.

WAKASEMA NGUMI ZIMESHAMUINGIA

Hatua ya tatu nusura imharibie kazi. Inaitwa kujipima. Mara kadhaa kwa siku unajiuliza kwa dhati, "Hivi saa hizi naota?" halafu unafanya jaribio. Unaweza kusoma maandishi, ukatazama pembeni, ukayasoma tena. Ndotoni maandishi mara nyingi hubadilika. Unaweza kuhesabu vidole, maana ndotoni huwa vinazidi au vinapungua. Na lipo jaribio la pua: bana pua, funga mdomo, jaribu kuvuta pumzi. Macho makavu huwezi. Ndotoni pumzi inapita kama kawaida, kwa sababu pua uliyoibana siyo ile unayopumulia kitandani.

Lengo ni kujijengea mazoea. Ukifanya mchana kwa moyo, ipo siku utafanya ndotoni. Ukifanya ilimradi, kama mtu anayetazama saa bila kuona ni saa ngapi, hata ndotoni utafanya ilimradi.

Basi ikawa jamaa yuko kwenye daladala anasoma kibao cha ruti, anageuka dirishani, anakisoma tena. Yuko kijiweni anasubiri chapati, ghafla anahesabu vidole. Yuko mazoezini amebana pua. Watu wa kitaa wana macho. Mmoja akamwambia mwenzake, "Unaona? Ngumi zimeshamuingia." Mpaka jioni mtaa mzima ukajua kwamba bondia wao amechanganyikiwa toka apigwe KO. Siku mbili baadaye promota akampigia kocha: "Kocha, huyo kijana wako yuko sawa kweli? Maana nasikia anaongea na vidole."

Kocha akamwita pembeni.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Hebu nieleze kabla sijakasirika."

Akaeleza yote, la daftari, la pua, la Wajerumani na kikombe chao. Kocha ni mtu wa zamani, alicheza ngumi enzi za viatu vya kuazima. Akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jipime ukiwa chooni. Ulingo huu ni wa kula, usinivurugie." Jambo likaishia hapo, na mpaka leo huo ni ushauri mzuri kwa yeyote anayeanza: siyo lazima kila mtu akuone.

VITUMBUA SAA KUMI USIKU

Mbinu inayobeba zaidi inahusu saa. Usingizi unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Mwanzoni mwa usiku vipindi vya ndoto ni vifupi. Kadiri asubuhi inavyokaribia vinarefuka, kwa hiyo ndoto ndefu ziko saa za mwisho. Wenye ujuzi wanashauri ulale saa tano au sita, uamke dakika chache, kisha urudi kulala huku akili imeshakaa macho kidogo.

Wengine wanaweka alamu. Jamaa hakuhitaji. Chumba chake kiko uani, na mama yake huamka saa kumi usiku kuwasha jiko la mkaa. Sauti ya chuma cha vitumbua kikitua jikoni ndiyo ikawa alamu yake. Akisikia tu, anakaa kitandani, anasoma daftari kwa tochi, anarudi kulala. Wakati usingizi unakuja anarudia polepole, "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota." Huku anajichora yuko ndani ya ndoto yake ya jana, anaona ile alama, anaishtukia. Hii ni mbinu ya LaBerge yule wa Stanford. Haifanyi kazi kama kasuku, unatakiwa uwe unakusudia kweli, kama unavyojiambia ukipita duka la Mangi usisahau kununua chumvi.

Na usidanganywe kwamba inashika haraka. Mwaka 2017 Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, alieleza matokeo ya watu waliochanganya mbinu zote hizi tatu kwa wiki moja: asilimia 17 tu ya majaribio ndiyo yalifanikiwa. Ila wale waliopata usingizi ndani ya dakika tano baada ya kumaliza zoezi walifika karibu asilimia 46. Kwa hiyo ukirudi kitandani, rudi kulala. Simu iache.

Mafanikio yake ya kwanza yalikuja wiki ya tano na yalikuwa ya kuchekesha. Anaota anatembea Ubungo juu ya daraja la Kijazi, hakuna gari hata moja. Akajiuliza, tangu lini Ubungo ikakosa foleni? Akabana pua. Pumzi ikapita. Akapiga kelele, "Naota!" kwa furaha, na palepale akaamka. Sekunde tano, labda sita.

Hiyo huwapata karibu wote wanaoanza. Ukifurahi mno, ndoto inakatika. Ukijitambua, tulia. Sugua viganja, tazama ardhi, gusa ukuta, shika kitu. Ndoto inakaa kama akili ina kazi ya kufanya humo ndani.

USIKU ALIOTAKA KUACHA

Mambo hayakuwa mteremko. Usiku mmoja alirudi kulala baada ya sauti ya vitumbua, akajikuta macho yamefumbuka, anaona dari la chumba, lakini mwili umekufa ganzi. Kifua kizito. Akahisi kuna mtu amesimama mlangoni. Anataka kumwita mama yake, ambaye yuko hatua nne tu pale nje, sauti haitoki.

Kila mtu pwani hii anajua hilo ni jinamizi. Wengine wanasema umekaliwa, na mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilipotanda Pemba na Unguja, watu wakilala nje kwa makundi, baadhi ya wataalamu walisema sehemu ya waliyosimulia waathirika inafanana na hali hiihii. Maelezo yao ni kwamba ule ufunguo unaofunga mwili wakati wa ndoto umechelewa kufunguka, wakati macho na akili vimeshaamka. Kipande cha ndoto kinabaki chumbani, ndiyo maana unaona mtu. Hudumu kwa muda mfupi, kisha huachia. Kuamka na kurudi kulala usiku, kulala chali na uchovu vyote vinaweza kulichochea.

Kujua hivyo hakuondoi woga usiku wa kwanza. Jamaa alilia. Akakaa siku nane hajagusa daftari. Na kwa kuwa uchovu ulishajaa, mazoezini akawa anachelewa. Kumbuka mabondia wanakimbia saa kumi na moja alfajiri. Hizohizo saa ambazo ndoto ndefu zinakaa, ndizo saa za kukimbia barabarani. Alikuwa anazigombania na mwili wake mwenyewe.

Kocha ndiye aliyemaliza ugomvi. "Dogo, usingizi ni mazoezi. Ukiukatakata kila siku, hata ukimpiga huko ndotoni, huku utapigwa tena." Wakakubaliana: siku sita analala moja kwa moja, hata sauti ya vitumbua asiisikilize, aliwekewa pamba masikioni. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, ambapo hakuna kukimbia, ndipo anafanya zoezi lake.

Kama kuna jambo moja la kulibeba, ni hilo. Anayeanza anadhani akijikaza kila usiku atafika haraka. Kinachokuja ni uchovu. Ndoto hizi zinawajia zaidi watu waliolala vya kutosha. Na kama una historia ya kuona au kusikia visivyokuwepo ukiwa macho, au unatibiwa ugonjwa wa akili, mchezo huu si wako mpaka uongee na daktari wako.

NAMBA KUMI NA TATU

Jumapili ya pili chini ya mpango mpya, ile ndoto mbaya ikaja. Ulingo. Miguu kwenye tope. Kengele. Konde likaja polepole kama kawaida yake, akaenda chini. Mwamuzi akaanza: moja, mbili.

Akiwa amelala pale chini akaona kitu alichokiandika kwenye daftari mara nyingi: watu hawana sura. Akataka kuhesabu vidole, ana glovu. Akataka kusoma maandishi, jasho limejaa machoni. Basi akaikandamiza pua kwa glovu, akafunga mdomo, akavuta. Pumzi ikaingia yote, baridi mpaka kifuani.

Mipango yake ilikuwa ainuke amvunjevunje jamaa. Miezi mitatu alikuwa anaipangia siku hiyo. Lakini alipojua kwamba ni ndoto, hasira haikuja. Alibaki amelala kwenye turubai, anamtazama mwamuzi anavyohesabu. Nane. Tisa. Kumi. Mwamuzi hakuacha. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Akahesabu tu, na hakuna kilichotokea. Dunia haikuisha. Watu wakaanza kuondoka mmojammoja, kama wanavyoondoka ukumbini kuwahi daladala. Jamaa akacheka, akakaa, akafungua kamba za glovu kwa meno, akainuka bila haraka. Mpinzani wake alishaondoka zamani.

Alipoamka kulikuwa kumekucha na mama anauza. Aliandika kurasa mbili.

Alichokielewa asubuhi ile alimweleza mpenzi wake kwa maneno machache. Kumbe ngumi haikuwa inamtisha. Ngumi anazila kila siku mazoezini. Kilichokuwa kinamkaba ni kuhesabiwa mbele ya watu wa mtaani kwao, na kile kipande cha video. Alijifunza mbinu ili alipize kisasi, ikamwonyesha kwamba aliyekuwa anamkimbia usiku kucha hakuwa yule mpinzani.

Ndoto haikufutika. Imerudi mara kadhaa, ila sasa inakuja imechoka, na mara nyingine anaipita bila hata kujitambua. Madaktari wa usingizi wanaijua njia hii, wapo wanaoitumia kusaidia watu wenye ndoto mbaya zinazojirudia. Wanayo na iliyo nyepesi zaidi, ambayo haihitaji kujitambua: mchana unaiandika ndoto yako mbaya, unaibadilisha mwisho, kisha unaupitia mwisho mpya kichwani kila siku kabla ya kulala. Ukishindwa yote hapo juu, anza na hiyo.

Na marudiano? Yalifanyika. Raundi nane. Raundi ya nne akadondoka tena, kwa konde lilelile la kushoto. Ukumbi ukanyamaza. Akapiga goti moja, akamtazama mwamuzi, akamsikiliza mpaka saba, akainuka. Akamaliza raundi zote, akapoteza kwa pointi. Kuna aliyerekodi pale anapoinuka akakirusha kipande, lakini hakikuzunguka. Mtu akiinuka hachekeshi. Usiku ule alilala mpaka saa mbili asubuhi, mama yake akamwachia vitumbua sita vimefunikwa sahani.

Mpenzi wake naye kaanza daftari lake. Hii ni wiki ya tatu. Mpaka sasa ameandika mistari miwili: ameota anasuka, na mteja kaondoka bila kulipa.